Shule yetu ya walimu wawili kando ya kambi, na siku ngobyi ilipotoka bila mgonjwa

Wakuu, nawasalimu wote kwa heshima. Na nyinyi wadogo zangu mnaotaka kuniamkia, marahaba kabisa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mkatoliki, mzaliwa wa Ngara. Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja, hivyo mtanivumilia.

Juzi humu nilisoma uzi wa kijana aliyepangiwa shule ya kijijini, akakuta walimu watatu na madarasa saba. Akauliza kama kuna shule iliwahi kuwa hivyo ikapona. Nikasema moyoni, huyu nimjibu.

Nitasimulia niliyoyaona. Ambapo sikuwepo, nitasema sikuwepo. Nimefika umri ambao uongo hauna faida tena, maana Hakimu ninayemwendea ameshaona yote. Majina ya watu nimebadilisha na shule sitaitaja. Wa kata za Ntobeye na Kanazi wakitambua, wanyamaze tu watabasamu.

Twende.

Kabla ya kambi, shule yetu ilikuwa ndogo, maskini, lakini imetulia.

Serikali ilileta walimu na chaki. Chaki ikichelewa, tuliandikia vipande vya muhogo mkavu. Tulikuwa na shamba la kahawa la shule, watoto wanapalilia, na kahawa ile ndiyo ilinunua mpira, jembe na bati la ofisi. Mzazi asiye na fedha ya mchango alileta maharage au mkungu wa ndizi, au alikuja kufyatua tofali.

Watoto wengi walikuwa Wahangaza, wenyeji wa Ngara. Walikuwepo pia watoto wa familia zenye asili ya Rwanda, ambazo ziliingia zamani mimi nikiwa bado mdogo, zikapewa mashamba, zikazika wazee wao hapa hapa. Na Wasukuma wachache, watoto wa wafugaji waliosogea kutoka upande wa Biharamulo.

Nyumbani kila mtoto alisema lugha yake. Akivuka geti la shule ni Kiswahili, na aliyesahau alifagia uwanja. Kwa hiyo uwanja wetu ulikuwa safi sana.

Halafu mwaka ule wa vita ya Rwanda wakaja watu.

Sitaeleza sana, mengi mmesikia. Walishuka kutoka darajani Rusumo, mpakani, na mikeka, masufuria, wazee mgongoni. Juma la kwanza walilala madarasani mwetu. Tulipowapa uji wa shule hawakugombania, na hicho ndicho kilichoniliza. Mtu mwenye njaa asiyegombania chakula ameona jambo kubwa kuliko njaa.

Baadaye wakahamishiwa kambini. Ukisimama nyuma ya ofisi yangu uliona vilima vyote vimekuwa vya bluu, maturubai matupu, mpaka kule Lukole.

Na shule yetu ikaanza kupungua kama sabuni ndani ya maji.

Kwanza walimu.

Mashirika yaliyokuja kuhudumia kambi yalihitaji watu wanaojua kusoma, kuandika, Kiswahili, na lugha ya wakimbizi. Sasa sisi Wahangaza lugha yetu na Kirundi ni kama mapacha waliolelewa nyumba mbili, na Kinyarwanda ni binamu yao. Mwalimu wa Ngara alikuwa mkalimani tayari kabla hajaomba kazi.

Mwalimu wa hisabati akaenda kuwa mtunza stoo. Wa sayansi akawa mkalimani wa wauguzi. Mmoja mmoja walikuja ofisini kuniaga, kofia mkononi, kama watu wanaotubu. Sikuwalaumu. Mshahara wetu ulikuwa ukichelewa mpaka ukija unauliza ni wa mwezi gani, na wao walikuwa na watoto wao.

Tukabaki wawili, mimi na Mwalimu Restituta.

Huyu mama alikuwa mfupi, mcheshi, hana woga wa mtu. Aliniambia, "Mwalimu Mkuu, wakikuita na wewe, niachie kengele tu. Nitafundisha mbuzi, wao hawana mahali pa kwenda."

Tukagawana. Yeye la kwanza mpaka la nne, mimi la tano mpaka la saba. Nilikuwa naandika hesabu kwa la saba, natoka nawasomea la sita hadithi ya ufahamu, nakimbia la tano nakuta wameshafika Mwanza kwa kelele. Jioni natapika vumbi la muhogo.

Nilikuwa nasali Rozari nikitembea kati ya darasa na darasa. Mama Maria alizoea kusikia sala zangu zikikatika katikati.

Halafu watoto nao wakaanza kupotea.

Wengine walienda kambini kuuza ndizi, maana soko la kambi lilikuwa kubwa kuliko la mjini. Lakini wengine, wakuu, walienda kambini kusoma.

Naona mnashangaa. Kambini kulikuwa na shule za wakimbizi. Walimu walikuwepo, wakimbizi wenyewe. Mtoto alipewa daftari, kalamu, na mchana biskuti ngumu za lishe. Na mtoto wa Kihangaza akifungua mdomo, nani atajua kwamba bibi yake yuko kilima cha pili anachambua maharage?

Basi wazazi wakawa wanaandikisha watoto wao ukimbizi. Kosa hilo sidhani kama lingefanyika sehemu nyingine ya nchi hii. Mahali pengine mtu hukana asili yake ili apate cheo. Kwetu waliikana kwa biskuti na mwalimu wa hisabati.

Sasa niwatambulishe mtu wa tatu.

Mwenyekiti wa kamati yetu ya shule alikuwa Mzee Venansi. Mkulima wa kahawa, mrefu, na sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka mto. Ndiye pia aliyekuwa mkuu wa ngobyi ya kilima chetu.

Ngobyi, kwa wasioijua, ni machela yetu. Inasukwa kwa fito kama kapu refu lenye miti ya kubebea, wanaume wanne wanaibeba mabegani. Mgonjwa akizidiwa, mama akishindwa kujifungua, mkuu wa ngobyi anapuliza pembe, na kila nyumba inatoa mtu. Mnapokezana kilima kwa kilima mpaka hospitali. Hata maiti hurudi nayo. Sheria yake ni moja tu: asiyebeba habebwi. Unaweza kugombana na jirani yako mwaka mzima, pembe ikilia mnaweka bega kwenye mti mmoja.

Venansi aliitisha mkutano wa wazazi. Akanguruma.

"Mzazi anayempeleka mtoto kambini anaiua shule hii! Nikimjua nitamtoza mbuzi!"

Akaendelea, na hapo akapotoka kidogo. Akasema shule inalemewa pia na watoto wasio wa hapa, akawataja wale wa asili ya Rwanda. Kwamba madawati machache yaliyopo yabaki kwa wenyeji, na hao wengine, kwa kuwa ndugu zao wamejaa kambini, waende huko huko.

Wengine wakaguna kukubali. Wakati ule hasira ya kuni kuisha na mashamba kuibiwa ilikuwa inatafuta pa kukaa.

Akasimama Mzee Gaspari. Huyu alikuwa mmoja wa hao waliotajwa, mtu mpole, mfugaji wa ng'ombe wawili watatu. Akasema taratibu, "Mwenyekiti, mwanangu wa kwanza alizaliwa hospitali ile ile alikozaliwa wako. Mama yake tulimpeleka kwa ngobyi. Wewe ndiye ulishika mti wa mbele."

Venansi akasema, "Hilo ni jingine." Lakini alikaa chini mapema kuliko kawaida yake, na mkutano ukaisha bila uamuzi.

Jumapili iliyofuata, tumetoka Misa, watoto wanacheza nje ya kanisa. Binti wa mwisho wa Venansi, Leokadia, alikuwa anawagawia wenzake kitu kutoka kwenye kanga. Mwalimu Restituta akasogea, akachukua kimoja, akakivunja kwa magego.

Akamgeukia Venansi mbele ya watu.

"Mwenyekiti, biskuti hizi mmeoka nyumbani?"

Watu wakaangua kicheko. Venansi akasema, "Mwalimu, Jumapili ni siku ya mapumziko. Pumzisha na ulimi."

"Nitaupumzisha. Ila mbuzi wa faini tumlete kwako, au utajiletea mwenyewe?"

Mimi niliondoka na Venansi pembeni, maana ni mtu mzima na ana heshima yake. Nikamuuliza polepole, Mzee Venansi, ndivyo ilivyo?

Akaniangalia. "Mwalimu, Leokadia yuko darasa la sita. Darasa la sita hapa mwalimu wake nani?"

"Mimi."

"La tano?"

"Mimi."

"La saba?"

Nikajionyesha kifuani kwa kidole.

"Basi," akasema. "Wewe ni mtu mmoja tu hata kama unasali sana. Mtoto wangu ana kichwa. Nifanyeje?"

Wakuu, mpaka leo sijui ningemjibu nini.

Akanieleza na namna yenyewe. Kambini kulikuwa na mama mmoja wa Kinyarwanda, tumwite Imakulata, aliyekuwa akinunua ndizi kwake. Mama huyu alifika na binti aitwaye Vestina, akaandikishwa naye, kisha kuhara kukamuua mtoto. Jina likabaki kwenye kadi ya chakula. Leokadia akaingia kwenye jina lile. Siku za shule alilala kwa Imakulata kwa sababu ya umbali, Ijumaa anarudi nyumbani. Akafundishwa jambo moja tu: ukiwa kambini, wewe ni Vestina. Ukisema vinginevyo, mama huyu atanyimwa chakula, na mama yake mzee kikongwe pia.

Ikaenda hivyo muda mrefu. Venansi alinisimulia kwamba Imakulata alikuwa akimsuka mtoto nywele, akimshonea gauni kwa vitambaa. Siku moja Leokadia, yuko nyumbani kwao, alimwita mama yake mzazi "Mama wa huku." Mama yake hakula jioni ile.

Halafu ikaja amri ya serikali kwamba Wanyarwanda warudi kwao.

Ilikuwa Majilio, shule yetu imefungwa ila za kambini bado, tunaandaa nyimbo za Noeli. Tulisikia kambi imechafuka. Kwanza wengi walikimbia kuelekea mashariki, wakageuzwa. Barabara ikajaa watu, wote uso umeelekezwa darajani, na askari pembeni wanaelekeza. Kambini haingii mtu, na hatoki mtu ila kwa njia ya darajani.

Ilikuwa katikati ya juma. Leokadia alikuwa ndani.

Venansi alikuja kwangu asubuhi bila kofia. Sikuwahi kumuona bila kofia.

"Mwalimu. Wanampeleka mwanangu Rwanda."

Alikuwa ameshafika kizuizini, akafukuzwa. Na msimfikirie vibaya askari. Siku zile wakimbizi wengi wasiotaka kurudi walikuwa wakisema wao ni Watanzania wa hapa hapa. Sasa mzee anakuja, anasema Kihangaza ambacho kwa askari wa kutoka mbali ni Kirundi kile kile, anadai mtoto aliyeandikwa kwenye kadi kwamba ni Mnyarwanda. Wewe ungemwamini?

Nikamwambia mtu mmoja hatasikilizwa. Twende kilima kizima.

Akarudi nyumbani, akatoa pembe, akapuliza.

Watu wakaja wakikimbia, kila mmoja anauliza mgonjwa nani. Wakamkuta Venansi amesimama na ngobyi tupu.

"Mgonjwa ni binti yangu," akasema. "Yuko barabarani."

Mmoja, ambaye Venansi aliwahi kumtoza faini kwa kukosa zamu ya kubeba, akasema, "Ngobyi ni ya mgonjwa na ya maiti. Binti yako anaumwa nini? Biskuti?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Si ulimfanya Mnyarwanda? Ndugu zake wapya watambeba!"

Venansi, yule wa sauti kubwa, safari hii hakunguruma. Alisimama tu ameshika mti wa ngobyi.

Gaspari akatoka nyuma ya watu.

Mke wake alikuwa amemshika shati. Niliwasikia. "Wewe usiende! Leo barabarani hawaulizi ulikuja mwaka gani. Wakikuunganisha na wale, unavushwa, na mimi nabaki na nani?"

Na alisema kweli, wakuu. Kama kulikuwa na mtu kilima kile mwenye sababu ya kujifungia ndani siku ile, ni Gaspari na wenzake wa asili ya Rwanda.

Gaspari alimwambia mkewe, "Ulipobebwa wewe, hawakuniuliza nilikuja mwaka gani." Akaja, akaweka bega kwenye mti wa mbele.

Wakatoka na wengine wawili wa familia kama yake. Ndipo waliokuwa wakicheka wakatazama chini. Yule aliyesema biskuti akatema mate pembeni, akasema, "Haya, sogeeni basi, mnashika kama mnabeba mayai," akaingia mti wa nyuma.

Tukaenda. Wanaume wengi, wanawake kiasi, mimi na Rozari yangu, Restituta na mwavuli wake.

Barabarani sitasahau. Watu mpaka unapoishia upeo wa macho. Mtu amebeba mlango kichwani. Mwingine kuku ndani ya kofia. Hakuna anayeongea, unasikia miguu tu, kama mvua ya mbali.

Kizuizini alikuwepo askari kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliniona mvi akanisalimia, "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba, nikajieleza: mimi ni mwalimu mkuu, hawa ni wa kilima changu, tunamtafuta mtoto wetu.

Akasema, "Mzee, tangu asubuhi nimeletewa Watanzania wapya wa kutosha kuanzisha kata." Kisha akaitazama ngobyi. "Na hiki kitanda?"

"Ngobyi ya kilima. Haitoki ila kwa mtu wetu."

Akafikiri. "Simameni hapo. Mkimwona, mtoto aseme mwenyewe. Akisema ni wenu, mchukueni. Akisema si wenu, mwondoke hapa bila kelele."

Tulisubiri mpaka jua likawa utosini. Venansi ndiye aliyemwona.

Alikuwa na dumu la maji kichwani. Mbele yake Imakulata na mzigo mkubwa, na kati yao kikongwe akitembea kwa fimbo, hatua moja, anapumzika, hatua moja.

Askari akawatoa pembeni. Akainama kwa mtoto.

"Unaitwa nani?"

Mtoto akatuangalia sote. Akamwangalia baba yake. Akamwangalia Imakulata.

"Vestina," akasema.

Askari akamwonyesha Venansi.

"Huyu mzee unamjua?"

Mtoto akainamisha kichwa, dumu likamwaga maji mgongoni.

Baadaye alinieleza. Alikuwa ameshajaribu kuwaambia askari wa kambini kwamba yeye ni wa kijijini, wakamwambia kila mtu anasema hivyo. Sasa akaona askari mwingine, akadhani ni kuhusu kadi. Akadhani akisema ukweli watamkamata Imakulata. Mtoto wa darasa la sita, anachagua kuvushwa mpaka ili mtu asikamatwe. Mimi ndiye nilimfundisha katekisimu, lakini hilo sikumfundisha mimi.

Askari akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, umesikia mwenyewe."

Akainua mkono waendelee.

Sasa wakuu, mfikirieni Imakulata. Neno la kumrudisha mtoto lilikuwa kinywani mwake peke yake. Akinyamaza, anarudi kwao na binti. Akisema, anarudi na mama kikongwe na mzigo. Tena akisema anakiri mbele ya askari kwamba alikula kwa jina la maiti.

Alitembea kama hatua tatu nne. Kisha akatua mzigo.

Akasema kwa lugha yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nikamtafsiria askari nikijikaza: "Huyu si wangu. Anaitwa Leokadia. Wangu nilimzika kule kwenye kilima cha kambi."

Kisha akamgeukia mtoto, akamtua dumu kichwani, akamfuta maji mgongoni kwa kanga yake. "Nenda kwa baba. Umenisaidia vya kutosha."

Ndipo Leokadia akalia kwa sauti. Akamkimbilia baba yake, akamshika mguu.

Askari alikuwa ameangalia pembeni. Akasema taratibu, "Mambo ya kadi mimi sijayasikia. Mchukueni mtoto, nendeni."

Ingeishia hapo ingetosha. Lakini kulikuwa na jambo la ngobyi.

Kwetu wazee wanasema ngobyi ikitoka hairudi tupu. Ikirudi tupu, inaita msiba. Mimi kama Mkristo sikuwa nalishika hilo sana, lakini siku ile nilimshukuru Mungu kwamba lipo.

Maana wanaume walisimama wakitazamana. Mtoto ana miguu, anatembea. Na pale mbele kikongwe wa Imakulata alikuwa amekaa chini barabarani, hawezi tena.

Venansi akamwachia mtoto kwa Restituta. Akaenda mpaka kwa yule bibi, akapiga goti moja, akamwamkia kwa Kihangaza kama anavyoamkiwa mama mzazi. Akasema kwa sauti yake ile ile ya ng'ombe, "Leteni ngobyi! Mgonjwa wetu huyu hapa!"

Wakamlaza. Venansi akashika mti wa mbele kushoto. Kulia kwake alisimama Gaspari.

Askari akaja mbio. "Mnakwenda wapi? Kule chini wakiwakuta, hawatajua nani ni nani!"

Venansi akamwambia, "Kijana wangu, tutafika kizuizi cha chini, kabla ya daraja, tutageuka. Twende pamoja utuonyeshe. Ukitaka kujua nani ni wa hapa, wa hapa ni wote walioshika mti huu."

Nilimwona Gaspari. Alitazama mbele tu, lakini masikio yalisikia.

Askari yule, Mungu ambariki popote alipo, alitembea nasi. Walipokezana mabega, na kila walipopokezana aliyetoka alibaki karibu. Leokadia alibeba dumu tena, safari hii akitembea bega kwa bega na Imakulata. Walichoongea sikukisikia, na sikutaka kusikia.

Kizuizi cha chini tukamshusha bibi, watu wa msaada wakampokea. Venansi akavua koti lake akampa bibi.

Imakulata akasema Kiswahili cha kuokoteza, "Mimi naenda. Mtoto anabaki huku. Peke yake." Alimaanisha aliye kaburini. "Majani yatamfunika."

Venansi akajibu, "Hayatamfunika."

Basi. Wakaenda. Sisi tukageuka, na ngobyi ilirudi ikiwa na Leokadia amelala ndani, maana usingizi ulimshika akiwa wima.

Shule ilipofunguliwa Januari tulikuwa bado walimu wawili. Nisiwadanganye kwamba miujiza ilishuka.

Lakini Venansi aliitisha mkutano. Kwanza alimleta mbuzi, akamfunga kwenye nguzo ya ofisi, akasema, "Faini yangu hiyo, msiniulize." Restituta akamwambia, "Tulikuwa tumeshasahau." Akajibu, "Wewe? Labda ukifa."

Kisha akasema maneno machache. Kwamba la nani akae dawatini na nani asikae lisitajwe tena mbele yake. Na kwamba kuanzia siku ile shule itabebwa kama ngobyi. Kila nyumba ina zamu. Leo nyumba hii inaleta maharage na unga wa uji, kesho ile inateka maji, ile inapalilia kahawa. Asiyebeba habebwi.

Uji ukapikwa kila siku. Watoto wakarudi mmoja mmoja, wa Kihangaza, wa Kisukuma, wa akina Gaspari, na wachache wa Kirundi waliokuwa kwa ndugu zao vijijini. Nyumba za zamu zikamlisha na kumpa chumba binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne, akatusaidia madarasa ya chini mpaka alipoenda chuo cha ualimu. Mwalimu wa hisabati naye, kazi ya stoo ilipoisha, akarudi kofia mkononi. Nikampa chaki. Ilikuwa ya muhogo, akacheka.

Baadaye shirika moja lilijenga madarasa mawili kwa ajili ya vijiji vilivyoelemewa na kambi. Walipouliza nani atachangia mawe na mchanga, Venansi alikwenda ndani kutafuta pembe.

Kwa hiyo kijana wangu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Fedha zikipungua shule inaumwa. Walimu wakiondoka inazidiwa. Lakini kinachoiua ni watu kuanza kuhesabu mtoto yupi ni wa kwao na yupi si wa kwao. Kaa hapo ulipopangiwa, wajue watu wa kilima hicho wana ngobyi gani, na uwaombe waiweke shule juu yake. Kila mahali pana ya kwake, hata kama inaitwa kwa jina jingine.

Venansi alishafariki, na alibebwa vizuri. Gaspari yupo, mzee kuliko mimi.

Leokadia ni mkulima, mama wa watoto, na zamu yake ya uji hajawahi kuikosa. Kambi imebaki pori na misitu ya kupandwa, ukipita huwezi kujua. Lakini kila Novemba, siku ya Marehemu Wote, tukitoka Misa yeye hachukui njia ya nyumbani. Anabeba jembe, anapanda kile kilima. Zamani alikwenda na baba yake. Sasa anakwenda na watoto wake.

Nilimsindikiza mwaka uliopita, polepole, kwa fimbo. Pana msalaba mpya wa mti mgumu, na jina limechongwa: Vestina.

Karibuni mchangie, nitawajibu nikipata nguvu ya kidole. Waliosoma au kufundisha Ngara miaka ile, ongezeni mnayoyajua. Na kama humu yumo mtu wa ng'ambo ya mto, anayemfahamu mama mmoja aliyerudi Majilio yale na mama yake kikongwe aliyevaa koti la mwanaume, naomba umfikishie ujumbe mmoja tu.

Mwambie majani hayajamfunika.